Siku Niliyomfanya Mzee Salim Mla Riba

Chekeni kama mnataka, lakini mngoje nimalize, maana hadi leo nikipita karibu na msikiti wetu hapo Thika natembea upande upande kama mwizi wa viatu, na wallahi sikuiba kitu, nilikuwa tu nasaidia elimu.

Binamu yangu Rashid anasoma chuo na amepanga chumba Juja. Mwaka ule alikuwa anaandika utafiti kuhusu mudharaba, yaani mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa jasho, faida wanagawana, na hasara ikija mwenye mtaji anapoteza mtaji wake na mwenye jasho anapoteza jasho lake (hii sehemu ya mwisho sikuisikiliza vizuri, na ndiyo iliyonimaliza). Mwalimu wake, Daktari Mansur, alikuwa amechoshwa na tafiti za uchumi wa Kiislamu ambazo watu wananakili vitabu bila kumwuliza hata muuza nyanya mmoja. Akamwambia Rashid, "Nitakuja Thika mwenyewe, baada ya Alasiri. Kati ya hao unaoandika umewahoji, nionyeshe mfanyabiashara mmoja aliye hai, ama kazi yako siipitishi."

Mfanyabiashara alikuwepo, Yusufu, anayeuza viatu vya mitumba kwa mtaji wa Mzee Salim, mzee wa msikiti wetu. Shida ni kwamba siku hiyo hiyo mkewe alishikwa na uchungu huko Ruiru, Yusufu akafunga kibanda, akapotea. Nikamkuta Rashid kwenye ngazi za msikiti, uso umemkauka.

"Nimeisha," akasema. "Mwaka mzima umeenda hivyo."

"Si mimi niwe Yusufu?"

"Kassim, wacha ujinga."

"Kwani Daktari anamjua Yusufu?"

Hapo ndipo angenifukuza, lakini aliniuliza kama najua bei za viatu, na mimi Form Three mzima, ndevu za kutafuta na tochi, nikakimbia kuazima kanzu ya baba.

Baada ya swala tukaketi kwenye mkeka barazani. Daktari alikuwa mtu wa miwani mizito na huruma nyepesi. Maswali ya kwanza nikayapangua, viatu vinatoka wapi, vinauzwa vipi, Rashid akaanza hata kupumua. Halafu Daktari akasogea karibu.

"Na Mzee Salim unampa nini?"

Nikafikiri, mtu mwaminifu anajibu aje? Nikatoa kifua. "Kila Ijumaa nampelekea kiasi kile kile, Daktari. Sijawahi kukosa."

Kalamu ikasimama. Rashid akakohoa (nilidhani ananipongeza).

"Hata wiki ambayo hukuuza?"

"Hata nisipouza! Natoa mfukoni mwangu. Mzee Salim hawezi kupata hasara nikiwa hai!"

Sasa Rashid akakohoa kama mtu wa kupelekwa hospitali.

"Basi huo si mudharaba," Daktari akasema, kwa ile sauti ya kufundishia ukumbi mzima. "Huo ni mkopo wa riba uliovaa kofia!"

Watu waliokuwa wakivaa viatu mlangoni wakasimama kwa mguu mmoja.

"Nani anakula riba?"

"Ati Mzee Salim."

"Mzee Salim gani? Huyu wetu?"

Mzee Salim, aliyetufundisha alifu na be karibu sote, akatoka ndani na tasbihi mkononi. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Daktari alipomwambia Yusufu kasema nini, akageuka upande wangu.

"Yusufu, mwanangu, nimekukosea nini?"

Rashid aliniangalia kwa macho ya kuomba, na nikajua kinachoombwa: ninyamaze tu, yule mzee aende nyumbani na riba yangu mgongoni. Nikasimama.

"Mzee, mimi si Yusufu. Mimi ni Kassim, kijana wa Mama Asha wa Makongeni. Niko Form Three. Sina kibanda. Hata hii kanzu si yangu."

Mama Njeri, anayeuza njugu pale getini, akapasua kicheko. "Haki nilijua! Najiuliza hii kanzu inatembea peke yake inaenda wapi!" Baraza zima likaanguka kwa kicheko, isipokuwa watu wanne, na mmoja ni mimi.

Mzee Salim akangoja watulie. "Mvua ya El Nino ilipoozesha viatu, nilimdai Yusufu nini? Mtaji ulikuwa wangu, ukaenda. Yeye alipoteza kazi yake. Basi."

Daktari akaandika kila neno, kisha akafunga kalamu. "Hili nimelisikia mwenyewe," akamwambia Rashid. "Lakini wale wengine wote uliowahoji, nitajuaje kuwa si binamu zako?"

Rashid aliapa kuwa wote ni wa kweli, na ni kweli walikuwa wa kweli, lakini nani angeapia maneno ya mtu aliyenileta mimi? Daktari akaamuru kila mmoja ahojiwe upya, yeye akiwepo.

Rashid hakunipiga, na afadhali angenipiga. Siku wenzake walipovaa joho, yeye alikuwa sokoni kwenye jua, anamwuliza muuza mikeka maswali aliyokwisha kumwuliza, na mimi nyuma yake nimemshikia Daktari mwavuli. Muuza mikeka akanitazama juu hadi chini. "Na wewe leo ni nani?"

Tangu siku hiyo nimeapa, nisichokijua sikijibu. Hata darasani mwalimu akininyooshea chaki nasema sijui, na mara nyingine najua kabisa, lakini naogopa kutoa kifua.