Mama wa Ndani ya Droo

Juzi, baada ya ghasia za uchaguzi kuchoma nyumba yangu Kapsoya pamoja na hati ya ploti, msichana wa ofisi ya ardhi aliingiza namba ya kitambulisho changu kwa kompyuta. Shule nilionja tu, lakini ploti hiyo nilinunua kwa jasho langu. Sikutulia kwa kiti.

Nilikumbuka nikiwa mtoto katika zahanati ya Ainabkoi, ile harufu ya spiriti, na nesi aliyeitafuta kadi ya mama kwa namba. Alipoirudisha kwa droo akapiga kufuli, nililia.

“Mfungulie mama!”

“Si huyu amekushika mkono?” nesi akauliza.

“Huyu ni wa nje. Wa ndani je?”

Walicheka mpaka mama akajifuta machozi.

Msichana wa ardhi akainua kichwa kutoka kwa kompyuta. “Mzee, ploti yako iko hapa ndani.”

“Basi funga,” nikamwambia. “Funga vizuri.”