Mama Mkwe wa Daktari

Penina hakuwa mtu wa kubabaishwa. Kijijini kwetu, upande wa Mlali, alilima uwele na karanga, akafiwa na mume angali kijana, akalea watoto bila kuomba chumvi kwa mtu. Kwenye kwaya, sauti yake ndiyo iliyowaamsha waliosinzia wakati wa mahubiri. Ukimwona anapita na jembe begani ungesema huyu hana linalomtisha. Kumbe lilikuwapo.

Alikuwa anatoka damu. Umri wa kuona siku zake ulishampita zamani, wajukuu anao, na bado damu ikaja, ikaacha, ikarudi. Dada yake Anastazia alianza hivyo hivyo. Akajificha, akasingizia jua la shamba, mpaka harufu ikamuumbua, na walipomfikisha hospitali madaktari wakatikisa vichwa tu. Penina ndiye aliyemwogesha mara ya mwisho. Aliijua vizuri njia aliyoishika.

Na msaada ulikuwa pua na mdomo, ndiyo maana nasema dunia ina vituko. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa minadani na wenye simu za mkononi wanapanda vichuguu kutafuta mtandao. Tabibu wa zahanati yetu, Yotham, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa ametoka mjini Dodoma kusomea uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Kazi yenyewe haina makuu. Mwanamke analala kitandani, mlango wa kizazi unapakwa siki, na penye kasoro panageuka peupe. Yotham alitangaza kanisani, akatangaza mnadani, akasema waje hata wasiosikia maumivu, maana ugonjwa ukikutwa bado mchanga unatibika. Akafua mashuka, akangoja.

Hakuja mtu.

Wakubwa waliotoka wilayani wakasema wanawake wetu ni waoga, elimu haijawafikia. Waoga, hawa hawa waliojifungulia shambani na kesho yake wakachota maji! Shida ilikuwa nyingine, na kila mtu aliijua isipokuwa yule aliyepaswa kuijua. Yotham alikuwa amemwoa Lydia, binti wa Penina. Kwa kuoa pale akawa mkwe wa Penina, na wa wadogo zake Penina, na wa binamu zake, yaani nusu ya wanawake wa kijiji. Na kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana. Wakikutana, mmoja anaacha njia. Hawali chungu kimoja, na mama mkwe halitamki jina la mkwewe. Sasa huyo ndiye umlalie kitandani umepanua miguu? Bora kufa. Na kumwambia kwenyewe kulikuwa aibu ile ile, kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Naye, shati jeupe lilikuwa limemsahaulisha. Alidhani ukwe unabaki nyumbani na zahanati ni zahanati.

Penina alimaliza palizi akiwaza. Heshima hiyo alikuwa ameilinda maisha yake yote, tena kwa fahari. Lakini kila akifua vitambaa vyake kwa kificho alimwona Anastazia. Mwishowe akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa binti yake, mama wa mjukuu wake Ernest. Yotham alikuwa ndani anakunywa chai. Penina hakuingia. Akakaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, akamwita Lydia, kisha akasema kwa sauti ile ya kwaya:

"Lydia mwanangu, mwambie baba Ernest hivi. Wanawake hawaogopi siki yake. Wanamwonea haya mkwe."

Ndani kikombe kikawekwa mezani.

Lydia alisimama mlangoni, mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. "Baba Ernest, mama anasema..."

"Nimesikia," Yotham akajibu. "Mwulize mama, sasa nifanyeje?"

"Mwambie alete mwanamke," akasema Penina. "Na siku hiyo yeye aondoke. Asijifungie chumba cha pili. Aondoke kweli, na watu wamwone anaondoka."

"Mwulize mama, kuna mtu anaumwa?"

Penina akaanza kukunja pindo la kitenge chake. Lydia akamtazama mama yake usoni, akaelewa.

"Mwambie afanye haraka," Penina akasema taratibu.

Yotham alikuwa na majivuno ya kazi yake, lakini hakuwa mjinga. Aliwasumbua watu wa wilayani mpaka wakampa muuguzi, mama wa makamo aitwaye Priska. Alhamisi asubuhi Priska akashuka kwenye basi, na Yotham akapanda baiskeli. Akapita katikati ya kijiji polepole, mbele ya kanisa, mbele ya mashine ya kusaga, huku akipiga kengele kama muuza samaki, akaenda zake ng'ambo ya kilima kuchanja watoto wa wafugaji. Wanaume kilabuni wakacheka, wakasema leo daktari kafukuzwa na wakwe zake. Acha wacheke. Vumbi lilipotulia, milango ikaanza kufunguka. Penina akatangulia, kichwa juu, mdogo wake Dorkasi nyuma yake, na nyuma ya Dorkasi wengine, mpaka benchi likajaa na waliobaki wakaketi chini. Ningelipa nauli kuja kuliona jambo lile.

Priska hakumficha Penina. Alikuwa ameona pabaya, akampeleka Dodoma siku ya pili yake. Hospitalini wakathibitisha, wakampasua.

Alipopata nguvu za kuketi, daktari aliyemfanyia upasuaji alikuja kando ya kitanda. "Mama, umewahi," akamwambia. "Wengi tunawapokea hatuna tena la kufanya. Nani kakuleta mapema hivi?"

"Mkwe wangu. Ndiye daktari wetu kijijini."

"Ndiye aliyekuchunguza?"

"Anichunguze nani? Hajawahi hata kunitazama usoni."

Daktari akacheka bila kuelewa. "Anaitwa nani huyo?"

Penina akavuta pumzi. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, na kwenye kitanda cha tatu alilala mama wa kijijini kwao.

"Yotham," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Daktari Yotham, mume wa binti yangu."

Kisha akajifunika kanga, akamlilia Anastazia, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.