Nilivyomkosesha Mdogo Wangu Chuo

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita alikuwa na simu ya kitochi, kwa hiyo maombi yake ya chuo nilimjazia mimi, kwa imeili yangu. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, na kila aliyepita mezani kwake aliambiwa, "Dada yake ni mwalimu, kashughulikia kila kitu." Nilivimba kichwa, sikatai.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya maombi, saa ya chai, niko ofisi ya walimu. Ikaingia barua pepe: akaunti yako itafungwa leo, thibitisha hapa. Nikashtuka. Mwalimu wa meza ya jirani, ambaye ni mtani wangu wa kabila, akachungulia.

"Mtani, usibonyeze hiyo, ni wezi. Ona anwani iliyotuma, ina mkia mrefu kama kenge. Nyie watu wa visiwani mnaingizwa mjini kirahisi!"

Sasa huyu mtani ndivyo alivyo siku zote. Wiki moja kabla alikuwa amewatangazia walimu kwamba nimekufa, akanichangishia rambirambi ya karanga. Ningemwamini vipi? "Nenda zako huko," nikamwambia. Nikabonyeza, nikaandika neno langu la siri kwa madaha, ili anione.

Alasiri akaunti ikanikataa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mtani alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikanyamaza siku tatu, nahangaika peke yangu, kisa naogopa kuchekwa. Siku ya nne nikamwambia, na hakucheka hata kidogo.

"Mficha uchi hazai, mwalimu," akasema. Aliniita mwalimu, siyo mtani. "Siku ile ile namba yako ya simu ilikuwa bado imo kwenye akaunti, pengine tungeirudisha akaunti kwa namba hiyo. Sasa wezi wameshaiondoa namba."

Bila imeili ile sikuweza kuingia kwenye maombi ya mdogo wangu, maana namba za uthibitisho zilitumwa huko. Nikajaribu kumsajili upya kwa imeili nyingine, mfumo ukagoma. Namba yake ya mtihani ilikwishatumika. Ningeweza kuwapigia simu chuo. Lakini ningeanzaje kusema, mimi mwalimu mzima, kwamba nimempa mwizi funguo kwa mkono wangu? Sikupiga. Maombi yakafungwa.

Nyumbani Kirumba nilisema mtandao wa chuo uligoma. Mdogo wangu akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama akanipa pole mimi. Jamani, mimi! Akanikaangia na samaki, eti nimehangaika sana. Nilikula, na ule mwiba wa aibu ninao mpaka leo.

Mwaka mzima mdogo wangu aligeuza dagaa juani akiwalaani watu wa chuo. "Wazembe wale," alikuwa akisema, nami naitikia, "Wazembe kweli."

Maombi yalipofunguliwa tena, alikuwa amenunua simu ya kupangusa. Akanifuata kwangu Kiseke. "Dada, tutumie tena imeili yako. Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Nikashindwa kuendelea kudanganya. Nikamwambia yote, barua, mtani, siku zile tatu, na uongo wangu.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa akiangalia mikono yake, iliyokuwa imechubuka kwa kazi ya dagaa.

"Mwaka mzima nimewatukana watu wasio na kosa," akasema, "na wewe unaitikia."

Kisha akasema atafungua imeili yake mwenyewe, nimwelekeze tu. Nikamwelekeza: hapa jina, hapa namba ya simu. Nikamwambia barua ya kukuharakisha na kukutisha ikija usibonyeze kitu, na ukikosea mwambie mtu siku ile ile. Alifuata kila neno. Alipofika penye neno la siri akasimama, akanipa mgongo, akaandika.

Ndivyo inavyotakiwa, hata kwa dada yako. Nilitamani ardhi inimeze.