Nilizamisha Kiua cha Memsahib, Nikamtaja Mpishi

Makosa ni yangu na sitayazunguka. Ilikuwa 1954, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Maragoli kutafuta kazi kwa mashamba ya kahawa huku Ruiru. Shule niliachia darasa la pili.

Aliyenifungulia mlango ni Njoroge, mpishi wa memsahib, mama mzungu mwenye shamba. Alinikuta kwa kitalu nikinyunyizia miche ya kahawa, akaniombea kazi ya kufagia nyumba.

Memsahib alikuwa na kiua kwa chungu, kando ya dirisha. Hakikuwa na maua, ni majani tu, madogo, yamekunjamana kama uso wa bibi kizee. Alipoenda Mombasa aliniachia mimi. "Maji kidogo," akasema.

Sasa mimi nilijua kahawa. Jani la mche likikunjana, una kiu. Nikakipa maji asubuhi, nikakipa jioni. Jani halikunjuki. Nikaongeza.

Njoroge akanicheka. "Wewe mtu wa kitalu, hiyo si ndama. Wacha kuinyonyesha."

"Rudi kwa sufuria zako, mzee."

Memsahib aliporudi alikuta shina limeoza, majani yamelala kama mboga iliyochemshwa. Akauliza ni nani. Nikaiona barabara ya kurudi kwetu, mikono mitupu.

"Ni mpishi," nikasema. "Alikimwagia maji moto."

Ai, nilijua ninachosema. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau. Mimi nikifukuzwa, ningebisha shamba lingine. Mkikuyu kama Njoroge akikosa mwajiri, alipakiwa lori akarudishwa rizavu, ile ardhi mkoloni aliyowatengea na kuwafungia.

Njoroge alivua aproni, akanipa.

"Haya, kijana. Usichome mikate."

Jiko likawa langu, na mshahara wa jiko ndio ulioanzisha kila kitu nilicho nacho. Baada ya uhuru nilimuulizia Njoroge kwao. Wakaniambia aliugua akichimbishwa mitaro ya serikali kule rizavu, akazikwa huko huko. Sikuwaambia mimi ni nani.

Nimechoka kubeba hii kitu. Wewe unayesoma, ukiharibu cha mtu, sema ni wewe. Kazi ingine utapata. Mtu uliyemsukuma kwa lori hutamshusha tena.

Leo nina ploti Kiganjo, nyumba ya mawe, vyumba vinane vya kupangisha, ng'ombe wawili, na duka la mahindi. Na aproni moja kwa sanduku, ambayo watoto wangu hawajui ni ya nani.