Mpishi na Kiingereza Chake
Mpishi wetu nyumbani kwa mzungu pale Saboti, mtu wa Bumula, alikanda unga akirudia Kiingereza alichokisikia mezani kwa wazungu: “at once”, sasa hivi, “out of the question”, haiwezekani kabisa, “up to you”, shauri yako. Kila neno lilipata ngumi yake kwenye donge. Kabla ya kumjibu mzungu alijifuta vidole kimoja kimoja. Naye mzungu hakuvumilia Mwafrika amjibu kwa Kiingereza. Siku moja, wageni wakingojewa kwa chakula, alifoka, sisi madobi tukisikia: “Wewe sema Kiswahili tu! Kama hapana, toka!”

Mpishi akajifuta vidole. “Out of the question, sir.” Akavua aproni, akaikunja taratibu.

“Na chakula ya wageni nani tapika?”

Mpishi akamwekea aproni mkononi. “Up to you, sir.”