Sakafu ya Gari la Baba

Wanaume wa ukoo wetu hawajawahi kuona tundu wakakosa dawa yake. Baba mdogo, aliyemfuata marehemu baba kuzaliwa, ni fundi mwashi, na kwa macho yake dunia nzima ni nyumba ambayo haijapigwa plasta. Mume wa dada yangu hana ufundi wowote. Kazi yake ni kumwambia baba mdogo kwamba hajakosea.

Pikapu ya baba ilikuwa imelala nyuma ya nyumba yetu Makanyagio tangu alipoanza kuugua. Enzi zake ilibeba chumvi ya Uvinza na dagaa wa Karema, na chumvi ni mgeni asiyeaga: unashusha magunia, yenyewe inabaki kwenye mikunjo ya bati inatafuna. Milango ilikuwa imeoza kwa chini. Sakafu ya nyuma ilikuwa na matundu makubwa, ukichungulia unawaona kuku wakijilaza uvunguni.

Baba tulimzika kwao, Mpimbwe, na kaburi lake lilikuwa bado udongo mtupu. Mvua za kwanza zililididimiza upande wa kichwani. Mama alirudi kulitazama akakosa usingizi. Akasema lazima lisakafiwe kabla mvua nyingine hazijaanza, na saruji iende kwa gari la baba mwenyewe, naye akae mbele.

"Lile gari limewalisha nyie wote," alisema. "Haliwezi kumkosa mwishoni."

Mimi nachomelea milango na madirisha, ndiyo kazi inayoniweka mjini, na baba ndiye aliyenifundisha kuendesha. Nikalishika gari. Kutu haibembelezwi. Unaikata kwa grenda mpaka ukutane na chuma kinacholia vizuri ukikigonga, unasugua kwa brashi ya waya, unachomelea kiraka, unapaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo unafikiria urembo. Nilifanya hivyo mlango kwa mlango, vumbi jekundu likinijaa puani, na wale wawili wamekaa kivulini na vikombe vya chai wakinisimamia.

"Mwanangu, utamaliza chuma chote," alisema baba mdogo. "Si upake rangi tu juu?"

"Shemeji halitengenezi gari, analichinja," alisema yule mwingine, na wakacheka mpaka chai ikawapalia. Ningependa kusema sikujali. Nilijali sana.

Ikabaki sakafu. Nikapata kazi ya madirisha ya darasa Katumba, nikawaambia wote, mama akisikia, kwamba sakafu isiguswe, narudi na bati zito la chuma. Niliporudi nililikuta gari limeinua pua juu na kukalia matako. Nikachungulia nyuma.

Walikuwa wamemwaga zege. Juu ya kutu ile ile, juu ya chumvi ile ile, wamemwaga zege na kulipiga niru, ule uji wa saruji wa kulainishia sakafu, nyekundu inayong'aa, na baba mdogo ameichora mistari ya miraba kama sebule ya mwenye nyumba za kupangisha.

"Hata mteremko nimeuweka, maji ya mvua yatoke kwa nyuma," alisema. Alikuwa ameshika pimamaji kabisa.

"Saruji mmetoa wapi?"

"Si ile iliyokuwa ndani?"

Ile iliyokuwa ndani ilikuwa ya kaburi. Nikamgeukia mama. Baba mdogo ni shemeji yake, na tangu msiba ndiye msemaji wa familia. Mama akaangalia chini, akasema, "Wamejitahidi." Nalichukia neno hilo hadi leo. Mtu akiharibu kwa bidii, kwetu anaitwa amejitahidi.

Baba mdogo akatuahidi kwamba saruji nyingine tutaikuta huko huko. Tukaondoka, mama mbele na mimi, nyuma msalaba wa chuma niliouchomelea, na wale wawili juu ya viti vya plastiki, wamekunja nne. Mpaka Sitalike walikuwa wakipungia watu mikono. Tulipoingia pori la hifadhi, barabara ikaanza matuta, na nyuma nikasikia kitu kinapasuka kama chungu kikavu. Kisha kelele. Mguu wa kiti cha baba mdogo ulikuwa umezama sakafuni. Wakanigongea nisimame. Ndani ya hifadhi hatushuki hovyo, niliwajibu, kuna wanyama. Mbung'o wakawakuta pale pale. Sisi tulikuwa tumefunga vioo. Nilifurahi, sina haja ya kuficha, na nilipunguza mwendo kidogo.

Kijijini saruji hakuna. Mwenye duka alitutolea mifuko iliyoganda, migumu kama mawe. Wingu lilikuwa limeshatanda na radi inaunguruma. Mama alisimama kando ya kaburi akiliangalia lile shimo la kichwani. Hapo nilitaka kuwarukia wale watu.

Halafu mama akazunguka nyuma ya gari. Akagusa vipande vya ile niru, mraba kwa mraba, vimekatika kufuata mistari ile ile ya mapambo.

"Hivi haviwezi kupangwa?" aliuliza.

Tukajaza udongo kwenye shimo, tukavibandua kwa mtaimbo. Kila kipande kilitoka na magamba ya kutu upande wa chini. Tukavipanga juu ya baba, baba yangu aliyekuwa akifungua nati nzima nzima azikaze upya kwa sababu hakuamini kazi ya mwenzake, na magamba yanamwangalia yeye. Nikasimamisha msalaba. Ndugu wa kijijini wakaja wakapapasa, wakasema kaburi linang'aa.

"Mimi niliona mbali," alisema baba mdogo, huku akijikuna shingo. "Ndiyo maana niliipiga ile sakafu."

Mama alilia, akacheka, akamshika mikono yote miwili akamwita fundi wa familia. Akamshukuru na mkwewe, eti kwa kuchanganya zege. Kisha akanigeukia mimi, uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu msiba.

"Na wewe mwanangu," alisema, "asante kwa kutuendesha."

"Haya, mama," nilisema. Matone yalikuwa yameanza, nikaenda kuwasha gari.