Rodi Nene

Duka nililonunulia rodi zangu za kwanza za kuchomelea lilikuwa Mkuyuni, na mwenye duka alikuwa mama mtu mzima mwenye masikio mazito. Hilo sikulijua. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi kama mtu aliyelelewa. Yeye, huko ndani kwenye mabati na misumari, akasikia rodi. Akauliza, "Ipi?" Mimi, sauti ikinifikia nusunusu, nikadhani anauliza ni nani, nikamjibu kwa Kisukuma cha kwetu Misungwi: "Nene." Yaani, ni mimi. Akatoka na pakiti ya rodi nene kuliko zote dukani, akaniwekea mezani, akanisifu kwamba najua ninachotaka.

Ningeweza kumsahihisha, lakini nimsahihishe kwa lipi? Nilikuwa sijui rodi moja na nyingine zinatofautianaje. Nilijiambia kwamba kilicho kinene ndicho chenye nguvu, nikalipa, nikaondoka nazo kifua mbele.

Nilizihitaji kwa ajili ya mlango. Kiwanda cha kuchambua pamba nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu, nami nikiwa mmoja wao, nikawa nazunguka huku na kule kutafuta vibarua. Wakati mmoja nikiwa mbali, wezi walivunja mlango wetu wa mbao pale Kirumba, mke wangu akiwa peke yake ndani. Hawakumgusa. Walibeba redio na vitenge wakaenda zao. Niliporudi aliniambia hatalala tena nyuma ya mbao zile, akafunga mizigo akaenda kwao, upande wa Mara, kwa kaka zake. Alisema, "Ukiweka mlango wa maana, nitarudi."

Mafundi wa kunitengenezea walikuwapo tele. Ila nilitaka mke wangu auguse mlango ule ajue umetoka mikononi mwangu, na ufundi wenyewe uwe kazi yangu badala ya ile iliyopotea. Kwa hiyo nikajiunga na fundi mmoja Mkuyuni, Mhaya, mdogo kwangu kwa umri. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, na nikishaitikia marahaba alianza kunigombeza mpaka jioni.

Siku ya rodi nene alikuwa na haki. Nilishika bomba jembamba la mraba, nikagusisha rodi, moto ukawaka, na nilipoinua kioo cha kukinga macho nikakuta nimetoboa tundu la kupitisha kidole gumba. Nikajaribu kuliziba, likapanuka. Fundi akaniambia chuma chembamba hutaka rodi nyembamba, kwamba nene ina njaa ya moto na itakula bomba lote kabla haijaunga kitu. Akauliza nani alinichagulia. Nikamsimulia habari ya hodi na nene. Hakucheka. Kisukuma hakukijua, na hadithi ikishahitaji kufafanuliwa imekwisha utamu.

Jioni ile nikitembea kurudi Kirumba ndipo nilipojua mtu ambaye angecheka. Mke wangu ni Mjita, na tulipooana neno hilo lilimvunja mbavu: mwanamume mwembamba kama mimi kusimama mlangoni na kujitangaza "nene". Baadaye akalifanya lake. Akitoka sokoni, mikono imejaa, alikuwa akisukuma mlango kwa nyonga na kusema, "Nene," huku ameshaingia. Nilifika nyumbani na kichekesho changu, nikakaa nacho kitandani peke yangu. Nilimkumbuka mpaka nikaona aibu.

Nikarudi dukani. Zamani, enzi za maduka ya ushirika, ulichukua kilichopo ukashukuru. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, pakiti zilipangwa mpaka darini, kila moja na nchi yake na rangi yake, na kuulizwa "ipi" kulinichosha kuliko ule uhaba wa zamani. Lakini nilijifunza. Nilijua kuchagua nyembamba inayowaka upesi, isiyomsumbua mwanafunzi. Nilijua kuikagua ngozi yake ile ya unga mgumu, kwani ikibanduka, rodi hiyo ni ya kutupa.

Tatizo lilikuwa unyevu wa ziwa. Rodi zikilala wazi chumbani, asubuhi zilinasa kwenye chuma zisiwake. Fundi akaniambia nizipashe moto. Nikawasha jiko la mkaa uani, nikaziweka kwenye sufuria aliyoiacha mke wangu, nikakaa nazigeuza. Jirani yangu, mama mwenye macho ya kila mahali, akauliza napika nini kizuri hivyo, au nina mgeni. Nikamwambia namtarajia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula mhogo wa kuchoma njiani, kwa kuwa kupika ugali wa mtu mmoja kulinishinda.

Mlango ukakamilika. Mishono yake ya mwanzo, chini, ilikuwa na mabonge. Ya juu ilinyooka. Nikaufunga, nikautia kitasa, na ufunguo mmoja nikampa ndugu yake mke wangu aliyekuwa akileta dagaa kwenye soko la Mwaloni, ampelekee. Aliporudi aliniambia dada yake amepokea. Akaongeza kwamba siku hizi naye anauza dagaa, na wateja anao wengi. Nilifurahi, na nikaogopa.

Alikuja Jumapili mchana. Nilikuwa ndani, mlango umefungwa, nikasikia nyayo nilizozijua zikisimama. Kidole kikapita juu ya chuma, taratibu, kikifuata mshono kutoka chini kwenda juu. Nikangoja kitasa kizunguke. Nikangoja lile neno letu.

"Hodi," alisema.

Mwenye nyumba habishi hodi kwake. Nilisimama katikati ya chumba, nikijua kila kitu alichokuja kuniambia. Nikafungua. Ufunguo alikuwa ameushika mkononi, tayari kunirudishia.

"Karibu," nikamwambia.